Kempa iliyofutwa na bima: mwaka mmoja na miezi miwili nikiwa nayo, uzoefu wangu

Nimelala kwenye hii kempa (gari lenye nyumba ndani, la kulala na kupikia safarini) usiku mwingi wa kutosha kwa hiyo acha niseme nilichokiona, maana wengi wanaotoa ushauri kuhusu gari zilizofutwa na bima hata kuzigusa hawajawahi, wao ni "usinunue kabisa" basi wameishia hapo.

Kwanza tuelewane, bima kufuta gari sio lazima gari imekuwa chuma chakavu. Wanapiga hesabu tu, gharama ya kuitengeneza dhidi ya thamani yake, ikizidi kiwango chao wanamlipa mwenye gari na wao wanauza mzoga. Sasa kempa ina makabati, jiko, matangi ya maji, waya za nyumba mbali na waya za gari, ubavu mmoja tu ukipasuka bili inapanda kama lifti. Uingereza wanazipa herufi, utaratibu huu wa sasa ulianza Oktoba 2017: A na B hazirudi barabarani tena (B unaruhusiwa kuchomoa spea), S iliumia kwenye muundo (chasisi au mifupa ya bodi) ila inatengenezeka, N haikuumia muundo. Kwa kipimo hicho yangu ni S, iligongwa kona ya nyuma kulia mpaka chasisi ikaguswa.

Kilichonifanya ninunue ni picha. Muuzaji alikuwa na picha za gari ikiwa bado imebomoka, ikiwa kwenye mashine ya kunyoosha, na risiti za vipuri. Angekuwa hana hizo picha ningegeuka palepale, hata bei ingekuwa bure.

Nikaenda na fundi bodi niliyemlipa mwenyewe, asiyejuana na muuzaji. Mi nilikuwa nazunguka gari nagongagonga bati kama vile najua ninachosikiliza 😂 yeye akaenda moja kwa moja kwenye raba ya dirisha la nyuma, akakwangua na ukucha, vumbi la rangi likatoka. "Bosi, hapa walipiga rangi dirisha likiwa limefungwa." Akatoa kipimo cha unene wa rangi, upande mzima kinasoma kama maikroni 120 hivi, akifika ile kona namba inaruka mpaka mia nane na kitu, hiyo ni puti, ile ya kujazia bati lililobonyea kabla ya kupiga rangi. Akanionyesha pia alama ndogo za mwaka kwenye vioo, vyote vinafanana isipokuwa kimoja, na ni kilekile kilichovunjika kwenye picha kwa hiyo hadithi ikakubaliana. Tukawasha swichi kuangalia taa ya eabegi, inatakiwa iwake halafu izime yenyewe, ile isiyowaka kabisa ndo ya kuogopa zaidi kwa sababu inawezekana mtu kaichomoa ili usijue. Tukavuta mikanda yote mpaka mwisho. Tukaipeleka alaimenti ya matairi manne, ikatoka safi. Nikalipa, nikaondoka nacheka peke yangu.

Wiki tatu baadaye mvua.

Yani niliamka asubuhi godoro upande wa miguuni limelowa, nikadhani nimemwaga maji usiku. Nikaangalia dari, kavu. Ukuta mkavu. Nimekuja kufungua kabati la kona nikabonyeza ubao kwa dole gumba, dole likazama. Yani ubao wa ukutani umekuwa laini kama sabuni iliyoachwa kwenye maji. Kumbe maji yalikuwa yanaingilia kwenye fremu ya dirisha la paa, yanatembea juu ya mbavu za dari mpaka kona, yanashukia ndani ya ukuta, kwa hiyo panapolowa na panapovuja ni sehemu mbili tofauti kabisa. Bodi ilipigwa ikajikunja kidogo, wakainyoosha vizuri tu, ila hakuna aliyegusa gundi ya lile dirisha la juu iliyokuwa imeshaachia. Na hapo ndo nikaelewa nilivyokosea, nilimpeleka mtu akague gari tu, na hii kitu ni gari na nyumba, na siku ile viligongwa vyote viwili. Kipimo cha unyevu cha mbao ni kitu kidogo tu, kinaingia mfukoni, ningekipitisha kwenye zile kona dakika kumi tu ningejua. Kilipokuja kupitishwa kilisoma zaidi ya asilimia 30, wakati mbao kavu inatakiwa iwe chini ya 15 hivi.

Nikaita fundi gesi sasa kwa woga, maana bomba linapita upande huohuo. Akapima presha, inashuka. Kiungo kimoja kilikuwa kinavuja taratibu sana na mi nimepika humo wiki tatu! Kibaya zaidi, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatulia chini, ndo maana sakafuni kuna vitundu vya kuitolea nje. Aliyetengeneza gari alipiga ile rangi nzito ya kuzuia kutu chini ya gari yote, akafanya kazi nzuri kweli, na vile vitundu akavifukia. Fundi alipitisha bisibisi toka ndani haikutokea kokote. Mpaka leo nikikumbuka ile bisibisi nasikia baridi.

Bima nayo ina mambo yake. Lazima uwaambie kwamba ilishafutwa, ukificha siku ya ajali wanaweza kukukatalia malipo. Kampuni mbili zilinikataa palepale, ya tatu ikataka ripoti ya mkaguzi na zile picha zote. Wakakubali, ila ikitokea kitu wanalipa kwa thamani ya gari iliyowahi kufutwa, sio ya gari safi. Ukija kuuza pia hivyohivyo, ile punguzo uliyopewa na wewe utaitoa, mi sijali sana nina mpango wa kukaa nayo mpaka ichoke.

Kama ni alama, gari 8 kwa 10, inakwenda imenyooka, haili matairi, injini haijawahi kunisumbua. Nyumba naipa 4, na pesa niliyookoa kwenye bei kama nusu yake imeishia kwenye ubao, gundi na gesi. Ningenunua tena? Ndio, ila siku ya ukaguzi ningekuja na mafundi wawili, na ningeomba mtu amwagie paa maji kwa mpira nusu saa mi nikiwa ndani na tochi.

Kuna kitu kimoja bado kimetushinda, mlango wa kabati la ile kona unafunguka wenyewe kila nikikata kushoto. Fundi kapima kasema kabati limenyooka, mlango umenyooka, hajui. Nimeufunga na kipande cha tyubu ya baiskeli.