Kushona wameshona vizuri, bili ndo wameharibu

Jumamosi mwanangu wa miaka 8 kateleza nyuma ya nyumba, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, mkono ukapita kwenye ukingo wa bati, vidonda viwili, kimoja juu ya kiwiko na kingine nyuma ya kiganja, damu inachuruzika tu, nikamfunga kanga tukadaka bajaji mpaka zahanati moja ya binafsi huku Mwanjelwa, Mbeya. Jina siliweki.

Kwenye matibabu nawapa haki yao. Foleni hatukukaa, nesi mtu mzima kamshika dogo mkono anamuuliza habari za shule huku daktari anaosha vidonda kwa maji mengi, kachoma ganzi na kasubiri kweli ikolee ndo akaanza. Dogo hakulia. Nyuzi tano juu, tatu kwenye mkono, zimenyooka mstari mmoja. Nesi nilimwambia ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, kutoka moyoni.

Sasa njoo dirisha la malipo. Risiti imeandikwa "kushona kidonda kikubwa" mara mbili, ganzi kivyake, nyuzi kivyake, jumla 85,000. Nikauliza kikubwa kwa kipimo gani? Karani ananijibu si nyuzi nane hizo mama. Jamani mimi kazi yangu ni kujaza madai ya bima, na muda sasa najisomea zile namba za malipo za Marekani, CPT, najua sio sheria ya kwetu lakini kwenye kidonda wamepanga vizuri mno na wala haihitaji kompyuta: nyuzi hazihesabiwi, unapima urefu wa ulichoshona kwa sentimita, unaandika kiko wapi na umefunga tabaka ngapi. Vikiwa aina moja na kundi moja la sehemu za mwili, kwa ngozi ya juu mkono na kiganja ni kundi moja, unajumlisha urefu unaandika namba moja tu. Vya dogo ni ngozi ya juu, sm 3 na sm 2, jumla 5, kwao ni namba 12002, inabeba sm 2.6 mpaka 7.5, na ganzi ya kuchoma hapohapo imo ndani. Ingekuwa usoni namba ni nyingine, na ukishona mpaka tabaka za ndani unapanda daraja.

Nikarudi kwa daktari, faili halina urefu wowote. Muungwana yule, katafuta rula kapima palepale juu ya mshono kaandika, karani kafuta kidonda cha pili na ganzi, nikalipa 55,000. Elfu thelathini nzima! Na mama aliyeshuka na viazi vyake kutoka Uporoto anayelipa alichoambiwa, yeye nani atampimia? Hata ukienda na bima, fomu isiyo na kipimo bima wanaweza kuirudisha, hospitali yenyewe ikakosa hela yake.

Kushona nyota 5, bili 2. Nyuzi tunatoa wiki ijayo, hapohapo kwa yule nesi.