Seti ya mota ya umeme kwenye baiskeli ya gia: uzoefu wangu baada ya miezi 11

Niliyofunga ni seti ya gurudumu la nyuma, inchi 26, volti 36, wati 350, mota yenye gia ndani. Kwenye boksi kuna gurudumu lenye mota, kontrola ya ampea 15 (kisanduku kinachopima umeme wa kwenda kwenye mota), mkono wa resi, mikono miwili ya breki yenye swichi za kukata umeme, sensa ya pedeli na kioo kidogo cha kuonyesha chaji. Betri inauzwa kando, na ndiyo iliyokula zaidi ya nusu ya gharama. Baada ya miezi 11 kwenye barabara za Tanga naipa nyota nne. Mota haina lawama. Nyota iliyopungua ni ya kipande kimoja cha chuma ambacho hakikuwemo kwenye boksi, nacho ndicho kinachoshika uhai wa mpandaji.

Mota ikisukuma gurudumu kwenda mbele, ekseli nayo inasukumwa kuzunguka kinyume kwa nguvu ileile. Kinachoizuia ni pande zake mbili bapa, zenye upana wa milimita 10 kati yake, zilizokaa kwenye mdomo wa fremu, yaani ule mkato ambamo ekseli inaingia. Mota ya ukubwa huu ikiondoka hutoa msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa kama Nm 40, yaani nyutoni-mita 40. Ugawe kwa sentimita moja hiyo, unapata mzigo wa karibu kilo 400 unaoupanua mdomo wa fremu. Chuma kinene kinastahimili kwa muda, aluminiamu inapasuka. Ekseli ikizunguka, inasokota na kukata waya zinazopita katikati yake, kisha gurudumu linachomoka.

Dawa yake ni mkono wa kuzuia ekseli: bapa la chuma lenye unene wa milimita 6 na urefu wa sentimita 10 hivi, tundu lake likae sawasawa kwenye ekseli, ncha ya pili ifungwe kwenye bomba la fremu kwa klempu mbili. Kwa urefu huo mzigo unashuka hadi kilo 40. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuukata, ila tundu lipigwe tupa kidogokidogo mpaka ekseli iingie kwa kugongwa taratibu. Likiachwa na nafasi hata ya nusu milimita, kila ukivuta na kuachia resi ekseli inacheza, na nati zinalegea. Nikishakaza nati, napitisha mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati, juu ya washa, mpaka kwenye fremu. Mstari ukiachana hata kwa unene wa uzi, nati imesogea. Nautazama kila asubuhi kabla ya kupanda.

Wenye baiskeli za Phoenix, zile za breki za vyuma, msinunue seti hii. Ringi ya Phoenix ya 28 na ringi ya seti inayoitwa 28 hazilingani: ya kwanza ni milimita 635 pale tairi linapokaa, ya pili ni 622. Isitoshe, breki za vyuma hubana ringi kwa upande wa spoku, na ringi ya seti haina uso wa kubanwa hapo. Utabaki na baiskeli ya kilomita 25 kwa saa isiyo na breki ya nyuma. Chagua baiskeli ya gia yenye fremu ya chuma, ringi za 26 na breki zinazobana ringi kwa pembeni. Seti ya mbele ni nyepesi kufunga, lakini foku nyingi za springi zina ncha za aluminiamu, ndiyo maana nilichukua ya nyuma.

Kabla ya kununua pima nafasi ya ndani kati ya midomo ya fremu. Iwe milimita 135. Friwili ya zamani ya kufunga kwa uzi inahamia kwenye mota. Cheni ikiwa kwenye jino dogo inaweza kusugua fremu. Ongeza washa ya milimita 2 au 3 upande huo, halafu kaza spoku za upande mmoja ili ringi irudi katikati.

Kwenye waya, zile tatu nene za mota na tano nyembamba za sensa zilizo ndani ya mota zinaungwa rangi kwa rangi. Kuna kosa moja linalowachanganya wengi: ukivuta resi unasikia mota inazunguka ndani, lakini gurudumu limetulia. Mota haijaharibika. Inazunguka kinyume, na klachi ya ndani inateleza. Kama kontrola yako ina waya mbili nyeupe za kujisomea, yaani za kuifanya itambue yenyewe mpangilio wa waya za mota, nyanyua gurudumu, ziunganishe, washa mpaka izunguke sawa, kisha zitenganishe. Msizitupe zile breki zenye swichi mkabaki na za zamani: waya mweusi wa resi ukikatika, kontrola inaweza kudhani umevuta mpaka mwisho, na swichi ya breki ndiyo itakayokuokoa.

Betri nendeni nayo kwenye mizani. Ya Ah 10.4 (ampea-saa, kipimo cha chaji inayobebwa) ina seli 40, kila moja gramu 45 hivi, kwa hiyo seli peke yake ni karibu kilo 1.8 kabla ya boksi na waya. Ukikuta betri nzima ina kilo moja na nusu, maandishi yake ni ya uongo. Ikijaa isome volti 42. Ukivuta resi ikiwa 38 na ikaporomoka hadi 32, seli zimechoka. Chaja iwe ya volti 42 hasa, isiwe ya betri ya pikipiki. Yangu ya ampea 2 inachukua saa sita na kula chini ya nusu yuniti ya LUKU. Nikipiga pedeli napata kilomita 32. Nikitegemea resi tu, 21. Kama hutaitumia wiki kadhaa, iache kwenye volti 38 au 39.

Hewa ya chumvi imeharibu kiungio kimoja cha sensa kikawa kijani, na baiskeli ikawa inakatakata. Nilikisafisha, nikapaka grisi ya silikoni ndani ya viungio vyote. Waya unaotoka kwenye ekseli uacheni uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye fremu, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasiingie kwenye mota. Spoku kazeni baada ya kilomita 100 za kwanza; zangu sita zilikuwa zimelegea.