Uzoefu wangu: mashine ya gemu za zamani, filamu za kutisha na ile besi isiyosikika

Nimeshakaa na mashine hii ya gemu za zamani kwa muda wa kutosha kuitolea neno. Ni ile ya kuweka nyumbani, umbo lake kama la zile zilizokuwa zikila sarafu kwenye kumbi za michezo, ila fupi kidogo. Jostiki, yaani kile kijiti cha kuongozea, na vitufe vimenikosha. Ukiivuta jostiki hadi kwenye kona unaisikia ikigonga, vitufe vinarudi juu upesi, na ubao hautikisiki hata ukicheza kwa hasira. Tatizo ni spika. Iko moja tu, ndogo, imeelekezwa magotini, na besi, zile sauti nzito za chini, haitoki kabisa.

Kuna watakaosema hilo ni jambo dogo. Kwangu ndilo jambo lenyewe, kwa sababu ninachokipenda katika gemu hizi, na katika filamu za kutisha pia, kwa sehemu kubwa kinaingilia masikioni.

Chukua Space Invaders ya mwaka 1978. Maadui 55, safu 5 za adui 11 kila moja, wanashuka kidogo kidogo huku noti nne nzito zikijirudia: dum, dum, dum, dum. Kadiri unavyowapunguza ndivyo wanavyokaza mwendo, na noti nazo zinakaza. Kasi hiyo haikuwa kwenye mpango. Kompyuta ya ndani ilikuwa inawasogeza adui kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo wakibaki wachache zamu ya kila mmoja inarudi haraka. Tomohiro Nishikado, aliyeitengeneza, akaona inanogesha, akaiacha. Adui wa mwisho akibaki peke yake anakatiza skrini mbio, noti zimekuwa kama mapigo ya moyo wa mtu anayefukuzwa, na mkono wako unaanza kukosea wenyewe. Hakuna damu, hakuna sura ya kutisha, ni vidoto vyeupe tu vinavyotembea. Hofu yote iko kwenye mdundo.

Mwaka huo huo wa 1978 ndio ilipotoka Halloween, filamu ya kutisha ya mwongozaji John Carpenter, na kila nikiitazama naona ndugu wa gemu ile. Bajeti ilikuwa ndogo, muziki akautunga mwenyewe: piano inayorudia kitu kile kile kwa mapigo 5, kwa hiyo sikio linasubiri kituo na kituo hakiji pale linapokitarajia. Carpenter ameeleza kwamba aliwahi kumwonyesha bosi mmoja wa studio filamu hiyo kabla ya kutia muziki, na bosi hakuogopa hata chembe. Naamini kabisa. Ile sehemu ambayo Laurie, msichana anayefukuzwa, anagonga mlango, mtoto aliyemo ndani anachelewa kuamka, na muuaji mwenye kinyago anavuka barabara kwa mwendo wa kawaida tu, izime sauti uone. Utamwona mtu anatembea, basi. Irudishe, na utajikuta unamhimiza mtoto ashuke ngazi.

Pac-Man ya 1980, ile ya kula vidoto huku ukikimbia vizimwi, nayo ina hila hiyo, ingawa watu wanaichukulia kama gemu ya kitoto. King'ora cha nyuma kinapanda kadiri unavyomaliza vidoto. Na vile vizimwi vinne havina tabia moja: chekundu kinakufuata mgongoni, cha waridi kinalenga mahali unapoelekea ili kikukate mbele, cha rangi ya chungwa kinakujia halafu kikikaribia kinarudi konani kwake. Hicho cha waridi ndicho ninachokihofia. Anayekukimbiza unaweza kumpigia hesabu. Anayekuwahi unakokwenda ndiye anayefanya filamu ya kutisha iwe ya kutisha. Kwenye mashine yangu king'ora hiki kinasikika vizuri sana kwa kuwa ni sauti ya juu. Ni Space Invaders iliyoumia.

Kwenye runinga, waliolielewa jambo hili ni wale wa tamthilia ya Stranger Things, angalau mwanzoni. Msimu wa kwanza, 2016, una vipindi 8, na muziki wa sinthesaiza (kinanda cha kielektroniki) wa Kyle Dixon na Michael Stein unakuweka roho juu kabla hujaona kitu chochote. Msimu wa pili unawapeleka watoto kwenye ukumbi wa gemu, wakiwa na Dragon's Lair na Dig Dug, na nilifurahi kusikia zile kelele za mashine nyingi zikilia kwa pamoja, kila moja na wimbo wake. Baadaye ikavimba. Kipindi cha mwisho cha msimu wa nne kinapita saa mbili, wakati Halloween nzima inamalizika kwa takriban saa moja na nusu. Nawapenda wahusika wale, lakini hofu haivumilii kuvutwa hivyo.

Jambo moja kwa wanaotazama filamu za zamani kwenye runinga mpya: ingia kwenye mipangilio ya picha uzime ule ulainishaji wa mwendo. Filamu hizi zilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Runinga ikiongeza zake katikati, giza linageuka kuwa video ya harusi.

Nirudi kwenye mashine. Skrini ni bapa na inang'aa vizuri; anayetaka mistari ya skrini za zamani za kioo kinene anaweza kuiwasha kwenye menyu, mimi nimeiwasha na sijaizima tena. Gemu zinafunguka haraka. Lakini ukitaka kununua ya aina hii, kabla ya kuhesabu idadi ya gemu zilizomo, chungulia nyuma kama kuna tundu la kutolea sauti. Yangu inalo. Nimeunganisha spika ya nje yenye besi, na zile noti nne zimerudi na uzito wake, hadi ubao wa vitufe unatetemeka chini ya viganja. Bila tundu hilo nisingeipendekeza kwa yeyote anayezipenda gemu hizi. Kwa kuwa lipo, naipa nyota 4 kati ya 5, na nyota iliyopungua ni ya ile spika ya magotini.