Kulanti ya Pikipiki: Rangi Hailindi Injini

Tazameni hii chupa ya kulanti, kimiminika cha kupozea injini. Sogeza kamera, sogeza... hapo hapo. Kijani cha kung'aa, pikipiki ya mbio, miali ya moto nyuma yake. Sasa tugeuze mgongoni. Asilimia ya glaikoli, ile kemikali inayozuia kuganda na kuchemka mapema? Haipo. Inachemka kwa nyuzi ngapi? Haijasemwa. Niongeze maji au niimimine hivi hivi? Kimya. Kuna picha nyingine ya moto tu! Mori ulinipanda pale pale dukani, nikainunua kwa makusudi nije niivue nguo mbele yenu.

Wenye Boxer na TVS HLX, injini zenu zina mapezi na zinapozwa na upepo, kwa hivyo leo ninyi ni wageni waalikwa. Kaeni tu. Wenye Pulsar NS200, Dominar na Duke, zenu zinapozwa na kulanti inayozunguka mpaka kwenye rejeta na kupoa humo; mambo ya thamostati na feni mnayajua, siwachoshi.

Nikaleta na mpinzani: Motul Motocool Expert, imeandikwa -37°C, yaani haigandi mpaka hapo, imeshachanganywa na maji, unamimina bila kuongeza chochote. Hapana, hawajanilipa. Wangenilipa mngeona maikrofoni mpya hapa, maana najua mnavyolalamika kuhusu upepo unaovuma kwenye sauti. Nimesoma maoni yenu yote, nashughulikia.

Haya, jaribio. Jana usiku nilimimina kiasi kidogo cha kila moja kwenye vichupa viwili vya plastiki, nikaacha nafasi juu, nikafunga kwa selotepu na kuandika SUMU kwa herufi kubwa. Vikalala kwenye friza kuukuu ya hapa gereji, isiyowekwa chakula. Msije mkaweka karibu na samaki wa mama! Ethilini glaikoli inaua, na ubaya wake ni kwamba ina utamu. Mtoto au mbwa akikuta imemwagika chini, atailamba.

Friza ya kawaida hufika kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Glaikoli nusu kwa nusu na maji haigandi mpaka karibu 37 chini ya sifuri. Kwa hivyo kulanti ya kweli ikilala humo, asubuhi inatikisika. Hii ya Motul... mnaona? Inacheza. Imekuwa nzito kidogo, lakini inacheza. Na hii ya moto mara mbili... (gongo, gongo) ...mnasikia? Jiwe. Barafu ya kijani. Ndugu zangu, nimeuziwa maji yenye rangi kwa shilingi mia tatu na hamsini!

Nisiwadanganye lakini: kutoganda si cheti. Hata chumvi au spiriti huzuia maji kuganda, na mjanja anaweza kuzitia. Ila ikiganda kuwa jiwe namna hii, kesi imekwisha.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika, "Bosi, Nakuru lini kuliganda?" Swali zuri. Barafu ni kipimo tu cha kutuonyesha kama glaikoli imo, na glaikoli hiyo hiyo ndiyo inayosukuma mbali nyuzi za kuchemka. Nakuru tuko kwenye mita 1,850 hivi, maji matupu kwenye sufuria wazi yanachemka karibu nyuzi 94. Pandisha sasa, pita Salgaa, pita Mau Summit, mpaka Timboroa kwenye mita 2,700 hivi: huko ni kama 91. Kifuniko cha rejeta kinakuongezea shinikizo, ndiyo maana maji hayachemki hapo hapo, lakini kifuniko hicho kinajipima na hewa ya nje, na hewa ya nje huko juu ni nyepesi. Umebeba mtu, uko nyuma ya lori linalotambaa, upepo hakuna, feni inalia. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kama nyuzi 107 hata bila kifuniko, ukiwa usawa wa bahari. Zile nyuzi za ziada ndizo pesa zako. Wenzangu wa Kisumu hamna mlima huo, ninyi mna jua na foleni ya Kondele.

Halafu kutu. Hapa ndipo maji ya rangi yanapokula injini polepole. Kulanti ina dawa za kulinda alumini na sili ya pampu, ile inayozuia kuvuja. Maji ya kisima ya Nakuru, yale yale yenye floridi inayotia meno kahawia, yana madini yatakayoganda ndani ya rejeta. Ukinunua kulanti nzito ya kuchanganya mwenyewe, tumia maji ya betri, yale yasiyo na madini, na useme wazi unataka maji, usije ukapewa asidi.

Rangi? Kila kampuni inatia rangi inayopenda. Nyekundu ya huyu si nyekundu ya yule. Usiongeze moja juu ya nyingine kwa kufananisha, dawa zake zinaweza kugombana na kutoa ute.

Nilikuwa nimepanga kusema usiguse kulanti ya gari kabisa. Nikifikiria vizuri, nalegeza. Kampuni nyingi za pikipiki za Japani hutaka kulanti isiyo na silikati, dawa moja ya kuzuia kutu, kwa sababu inaweza kuila sili ya pampu. Kama ya gari haina silikati, inafaa alumini, na kitabu cha pikipiki yako hakikatai, weka. Ile isiyo na maji kabisa, kama Evans, inachemka juu ya nyuzi 180, sawa, lakini haibebi joto vizuri kama mchanganyiko wa maji, na bei yake waachie wenye pikipiki za mbio.

Kubadilisha: injini ibaridi kwanza, kifuniko kikifunguliwa cha moto kinakuchoma uso. Mwaga, suuza kwa maji ya betri, jaza taratibu huku ukiyumbisha pikipiki hewa itoke, washa, ongeza, kisha chupa ya akiba ikae kati ya alama mbili. Chungulia katundu chini ya pampu ya maji: kikidondosha, sili imekwisha. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, kulanti imeingia humo: zima, ita fundi.

Motul inazidi hii ya kijani bei zaidi ya mara nne, na hapo naguna nanyi. Lakini miaka miwili kwa chupa moja, nalipa. Wiki ijayo naweka chupa tano za hapa mjini kwenye friza pamoja. Ukiwa na yenye picha ya moto, niandikie jina lililo kwenye lebo, nami nitaitafuta.