Makumbusho ya Corrie ten Boom, Haarlem: nyota 5

Kama uko Uholanzi au unapita Amsterdam panda treni uende Haarlem, ni karibu tu. Chini lilikuwa duka la saa la familia, juu alikuwa anakaa mzee Casper na mabinti zake Corrie na Betsie, wacha Mungu kweli kweli, wakawaficha Wayahudi wakati wa Wanazi na walijua fika wakishikwa itakuwaje. Chumbani kwa Corrie kuna ukuta wa uongo, unaingilia chini kabisa ya kabati, humo walijibana watu 6 kama siku 2 nyumba ilipovamiwa Februari 1944 na hawakupatikana!! Lakini familia ilikamatwa, mzee Casper alifia mahabusu ana miaka 84, Betsie akafia Ravensbrück, kambi ya mateso ya Wanazi huko Ujerumani. Huku Ulaya mtu akichekwa kidogo kazini kwa kusali kabla ya kula anaanza kuficha imani, jamani aje aone hapa. Muongozaji anaeleza taratibu. Ngazi nyembamba, mwenye magoti mabovu atasumbuka. Buku mapema mtandaoni, nafasi zinajaa, na uchague ziara ya Kiingereza usije ukaingizwa ya Kiholanzi.