Kikokotoo kimesema modemu 36.57: nimekitumia wiki nzima, haya ndiyo niliyoyaona

Mpwa wangu anasoma mawasiliano ya simu chuoni, mwaka wa pili. Juzi kanipigia. "Shikamoo mjomba. Eti E1 moja inachukua modemu ngapi za 56k?" (E1 ni laini kuu ya kidijitali inayobeba simu nyingi kwa pamoja; modemu ya 56k ni kile kifaa cha zamani cha kuingia intaneti kwa laini ya simu, kilobiti 56 kwa sekunde.) Nikamjibu papo hapo: thelathini. Akacheka. "Mbona mimi nimepata 36.57?"

Kumbe alikuwa na kikokotoo cha mtandaoni (cha vipimo, sisemi kile cha pensheni) kinachogeuza kasi za mitambo ya simu kuwa kasi za modemu za zamani. Nikamwambia anitumie kiungo, na kwa wiki nzima nimekuwa nikikichezea kila nikipata nafasi.

Ni cha bure, hakitaki ujisajili, kinafunguka hata kwenye simu ndogo. Unachagua kipimo kushoto, unachagua kingine kulia, basi. Orodha yake ilinirudisha mbali: modemu ya 300, 1200, 2400, 9600, 14.4k, 28.8k, 33.6k, 56k. Halafu ISDN (laini ya simu ya kidijitali ya mteja), T1 ya Wamarekani, E1 yetu, mpaka STM-1, njia kuu inayobeba E1 nyingi. E1 wameiandika kwa jina ambalo mafundi tuliofanya nao kazi hawakulitumia. Niliitambua kwa namba yake, megabiti 2.048 kwa sekunde. Kero kubwa ni matangazo, maana yanaruka juu ya kitufe wakati kidole kimeshashuka.

Kugawanya kinajua. T1 ni megabiti 1.544: chaneli 24 za kilobiti 64, jumlisha kilobiti 8 za fremu, yaani alama za kuonyesha kila mzunguko wa chaneli unapoanzia. Ukiigeuza kwa modemu ya 28.8k unapata 53.61, ni sawa kabisa. Na 2,048 ukigawa kwa 56 ni 36.57, mpwa wangu hakukosea kubonyeza.

Shida ni kwamba E1 si daladala, hakuna abiria wa kusimama. Ina nafasi 32, kila moja kilobiti 64. Nafasi ya 0 ni ya kulinganisha fremu, na ya 16 mitambo inaitumia kuambiana nani anapiga na nani kakata. Zinabaki 30. Mteja anayepiga na modemu ya 56k anakalia nafasi moja. Mwenye ya 9600 naye anakalia nafasi moja nzima, hata kama anaitumia robo yake hata haifiki. Kilichobaki ndani ya nafasi hiyo hakuna anayekiokota.

Kikokotoo kina namna ya kuchagua ishara nzima au mzigo peke yake (nafasi za wateja tu), na hapo nilidhani kitajirekebisha. Nikachagua mzigo, megabiti 1.92. Kikanipa 34.29. Bado hawa wanne sijui nitawaweka wapi.

Najua kwa sababu nililala na mitambo hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 90 nilikuwa fundi wa zamu ya usiku kwenye kampuni moja ya intaneti hapa Dar. Tulikuwa na raki ya modemu, kila modemu na laini yake ya simu ya mezani, taa zinawaka nyekundu mpaka asubuhi, joto usiseme. V.90, kiwango cha modemu za 56k, ilipotoka mwaka 1998, wateja wakanunua modemu za 56k kwa bei ya kuumiza, wakaunganishwa kwa 33.6 au chini ya hapo, wakatupigia simu kutugombeza. Walikuwa na haki. Ile 56k inapatikana pale tu upande wa kampuni umeingia kwenye mtambo wa simu kidijitali moja kwa moja. Sisi tulikuwa na modemu za kawaida upande wetu, sauti inageuzwa mara mbili njiani (kuwa kidijitali, kisha sauti tena), na hapo hata ununue modemu ya dhahabu hupiti 33.6. Mpaka ilipokuja E1, raki ikang'olewa, kikawekwa kisanduku kimoja kisichozidi mto wa kulalia. Watu 30 kwa mpigo. Wa 31 anakuta laini iko bize, na huyo ndiye aliyekuwa akipiga simu ofisini saa nane usiku.

Sehemu moja lakini ilinifurahisha kweli. Chagua mzigo wa T1, geuza kwa modemu ya 56k: inakuja 24 kamili, bila nukta. Wamehesabu megabiti 1.344. Kule Marekani mitambo ilikuwa inaiba biti ya mwisho katika kila fremu ya sita kwa ajili ya ishara zake, kwa hiyo za kuaminika ni biti 7 kati ya 8, mara sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde, ndiyo 56,000. Kikokotoo hakielezi lolote kati ya haya. Kinakutupia 24 na tangazo la viatu.

Kosa la wazi ni moja. Ukigeuza modemu ya 28.8k kuwa kilobiti, kinakuletea 28.125, kwa kuwa kinahesabu kilobiti kwa 1,024. Kwenye simu na modemu kilo ni 1,000, na imekuwa hivyo siku zote. Mwanafunzi akiandika hiyo kwenye mtihani atapoteza alama bila kujua alipokosea. Ili ulikwepe kosa hilo, geuza kwenda biti tupu, kisha gawa mwenyewe.

Nakipa nyota tatu kati ya tano. Kwa kulinganisha kasi kinafaa. Kwa kupanga laini, hapana. STM-1 kwa mfano kitakwambia modemu 2,777, wakati inabeba E1 63, yaani wapigaji 1,890.

Jana nimegeuza kifurushi chetu cha nyumbani, megabiti 20. Modemu 357! Nikamwonyesha mke wangu. Akaniuliza mbona basi tamthilia yake inakwama.