EL34, KT88 na 6L6GC kwenye amplifaya moja: nilichosikia

Nimebakisha EL34. Nalisema mapema kwa sababu wengi wanaotafuta valvu mpya, yaani zile chupa za kioo zinazokuza sauti ndani ya amplifaya, wanataka kwanza kujua msikilizaji ameishia wapi, ndipo waulize sababu. Nilizisikiliza aina tatu za valvu za nguvu, zile kubwa zinazoendesha spika, kwenye amplifaya ileile na spika zilezile, kwa santuri ninazozijua vizuri, na kila aina niliipa muda wa kutosha masikio yasahau ile iliyotangulia.

Amplifaya yangu ina valvu mbili za nguvu kila upande, zinazofanya kazi kwa kupokezana: moja inasukuma, mwenzake inavuta. Bayasi yake, yaani kiasi cha mkondo ambacho valvu hupitisha hata bila muziki, hurekebishwa kwa mkono, na kitabu chake cha maelekezo kinaruhusu aina zote tatu. Ruhusa hiyo ni muhimu mno. EL34, KT88 na 6L6GC zote zina kitako cha pini nane na zinaingia kwenye soketi moja, ila kuingia si kufaa. Pini ya 1 ya EL34 imeungwa na gridi ya tatu (wavu mwembamba ndani ya valvu), ambayo lazima ifike kwenye kathodi, sehemu inayopashwa moto ili itoe elektroni. Kwenye KT88 pini hiyo haina kazi hiyo, kwa hiyo amplifaya iliyojengwa kwa KT88 peke yake inaweza kukosa waya huo. Halafu kuna umeme wa kupasha kathodi. Kwa volti 6.3, EL34 hula ampea 1.5, KT88 1.6, na 6L6GC 0.9 tu. Piga hesabu: valvu nne za 6L6GC zinahitaji ampea 3.6, nne za KT88 zinahitaji 6.4. Transfoma iliyokadiriwa kwa zile za kwanza itachemka ukiiwekea hizi za pili, na transfoma ndiyo sehemu ghali kuliko zote ndani ya sanduku.

Sasa sauti. EL34 inaleta mwimbaji mbele. Pumzi kabla ya neno, mkwaruzo mdogo wa koo, upinde unapogusa uzi wa fidla, vyote vinasikika bila kutafutwa. Besi yake ni ya mviringo kidogo. Mdundo wa ngoma kubwa unachelewa kukatika. Kwa muziki wa sauti za watu na vyombo vichache sijasikia kitu kinachonigusa zaidi.

KT88, iliyotolewa na GEC ya Uingereza mwaka 1956, ni tabia nyingine kabisa. Mkono wa kushoto wa mpiga piano unasimama imara, besi inaanza na kuisha pale inapopaswa, na okestra nzima ikipanda ghafla hakuna kusongamana. Lakini mwimbaji anarudi nyuma hatua moja. Hakosi kitu, anakuwa tu mmoja kati ya wengi jukwaani. 6L6GC, mtoto wa 6L6 ambayo RCA iliizindua mwaka 1936, ilinishangaza kwa utulivu: sauti za juu safi, hakuna kinachojitokeza kuliko kingine, na unaweza kusikiliza jioni nzima masikio yasichoke. Kwa ladha yangu inakosa nyama kidogo katikati.

Watu wengi hudhani KT88 itaongeza wati mara tu ukiichomeka, kwa kuwa anodi yake, sehemu inayopokea elektroni za kathodi, inavumilia joto la wati 42 dhidi ya 25 za EL34 na 30 za 6L6GC. Kwenye amplifaya ileile haiko hivyo. Volti za anodi na transfoma ya kutolea sauti ndizo zinazoweka mpaka, na hizo hazibadiliki kwa kubadilisha valvu. Unachopata ni nafasi zaidi kabla valvu haijateseka, na hiyo hasa ndiyo niliyoisikia kwenye okestra.

Tofauti hizi ni za kweli, lakini si kubwa kama zinavyopambwa. Amplifaya yangu ina mrejesho hasi, yaani sehemu ya sauti inayotoka hurudishwa mwanzoni ili makosa yafutwe, na mrejesho huo hufuta pia sehemu ya tabia ya valvu yenyewe. Kwenye amplifaya ya valvu moja kila upande, isiyo na mrejesho, kama zile zinazotumia valvu iitwayo 300B, kila badiliko husikika waziwazi zaidi. Ila hizo hutoa wati nane hivi na zinadai spika zinazolia kwa nguvu ndogo.

Kabla ya kulinganisha, sawazisha sauti. Aina moja ikisikika kwa nguvu kidogo tu kuliko nyingine, sikio litaipenda, na utaamini umegundua ubora. Nilicheza toni ya Hz 1000 na kupima kwa multimita volti zinazofika kwenye spika, nikarekebisha mpaka zilingane. Bayasi pia iwekwe upya kwa kila aina. Mfano: volti 400 kwenye anodi na miliampea 40 ni wati 16, karibu theluthi mbili za uwezo wa EL34, kiwango salama. Kama hujazoea vipimo hivi, mpe fundi. Ndani mna volti za kuua, na kapasita huzihifadhi hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Ukiona anodi inawaka wekundu, zima hapohapo.

Mahali ambapo kubadilisha valvu kulinipa faida kubwa kuliko kote ni penye valvu ndogo, hasa ile ya kwanza inayopokea santuri. Sindano ya kawaida ya aina ya sumaku hutoa takriban milivolti 5, na kila uchafu unaoongezwa hapo hukuzwa na hatua zote zinazofuata. Niliwahi kupokea ECC83, valvu ndogo ya nafasi hiyo, iliyouzwa kama teule, nayo ililia kama kengele kila nilipogusa meza. Jaribio ni rahisi: gonga kioo polepole kwa penseli wakati amplifaya imewashwa bila muziki. Mlio mdogo unavumilika, mwangwi unaoendelea haufai katika nafasi hiyo. Nilipoweka ECC83 ya JJ, inayotengenezwa Slovakia, kimya kati ya nyimbo kilikuwa cha aina nyingine, na vitu vidogo vilivyokuwa vimefunikwa na mvumo vikajitokeza.

ECC81, ECC82 na ECC83 zina mpangilio uleule wa pini, ndiyo maana wengi huzibadilishana. Mimi sikushauri. Kipimo cha ukuzaji cha ECC83 ni 100, cha ECC81 ni 60, cha ECC82 ni kama 17, na saketi ilihesabiwa kwa kimoja tu. Utapata sauti iliyopungua na mrejesho usiofanya kazi ilivyokusudiwa, halafu utadhani umesikia tabia ya valvu.

Kuhusu valvu za zamani, Mullard za kiwanda cha Blackburn, Uingereza, na Telefunken za Ujerumani zenye alama ya almasi chini ya kioo ni vitu vizuri sana, na kwa sababu hiyohiyo zinaghushiwa. Maandishi juu ya kioo si ushahidi. Hata majina ya leo yanachanganya: valvu mpya zenye jina la Mullard, Tung-Sol au Gold Lion hutoka kiwanda kimoja huko Saratov, Urusi, cha kampuni ileile inayomiliki Electro-Harmonix na Sovtek. Tazama pia madoa ya rangi ya fedha ndani ya kioo. Yakigeuka meupe, hewa imeingia na valvu imekufa. Kwa pesa yangu naona heri jozi mpya iliyopimwa na kulinganishwa, kwa sababu jozi isiyolingana hutia mkondo usio sawa kwenye transfoma na besi hulegea, jina liwe kubwa kiasi gani.

KT88 sikuziuza. Spika nilizonazo sasa ni nyepesi kuendesha na EL34 inazitosha. Nikipata kubwa zaidi zenye besi ngumu kushika, KT88 ndizo nitakazochomeka kwanza. 6L6GC nimezipeleka kwa rafiki ambaye amplifaya yake ilijengwa kwa ajili ya valvu hizo, na huko zinasikika vizuri kuliko zilivyowahi kusikika kwangu.